Altezza, Impreza, Mark II au Starlet: gari lipi la kujengea autocross ukiwa Mwanza

Vijana wengi wa Mwanza wanaotamani kujenga gari la autocross huanza na hesabu ya farasi: injini ipi inatoa 280, ipi ikibadilishiwa turbo itafika 400. Hesabu hiyo ina nafasi yake, lakini ikitangulizwa humpeleka mtu kwenye gari litakalomfurahisha barabarani na kumshinda uwanjani. Hapa nalinganisha magari manne ambayo mtu wa huku anaweza kweli kuyapata, na nitasema wazi ni lipi ningelijenga mimi.

Kwanza tukumbushane mashindano yenyewe yanataka nini. Autocross ni gari moja kwa wakati mmoja, dereva anashindana na saa. Njia inachorwa kwa koni ndani ya uwanja, na ukigusa koni unaongezewa muda. Katika mashindano ya SCCA, chama cha mbio za magari kule Marekani, kila koni unayoangusha ni sekunde 2, na mzunguko mzima kwa kawaida hauzidi dakika moja. Muda mwingi uko gia ya pili, pengine ya tatu kidogo. Gari linakata kushoto, linakata kulia, linafunga breki, linaondoka tena. Nguvu usiyoweza kuishusha ardhini kati ya koni moja na inayofuata haikusaidii kitu, na chuma kinachoizalisha unakibeba kwenye kila kona.

Halafu kuna ardhi. Wamarekani wanaendesha juu ya lami ya maegesho makubwa. Uingereza jina hilohilo ni mbio za kwenye majani na udongo, na jirani zetu Wakenya wanaifanya kwenye moramu. Huku kwetu kupata lami pana ambayo utaruhusiwa kuifunga Jumamosi nzima ni kazi ngumu, lakini viwanja vya moramu ukitoka nje ya mji, upande wa Kisesa au Usagara, vinapatikana kwa makubaliano na wenye maeneo. Udongo wa Mwanza nao una tabia yake. Mawe haya yaliyoupa mji sura ni granite, na yakimeng'enyuka yanaacha changarawe ya chembe ngumu. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, juu ya ardhi iliyoshindiliwa chembe hizo zinaviringika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni. Mvua za vuli na masika zikianza, uwanja uleule unakuwa utelezi wa namna nyingine kabisa. Anayejenga gari Mwanza ajenge kwa ajili ya ardhi inayoteleza, na lami akiipata aione ni bahati.

Kitu cha tatu ni hewa, na hiki kinasahaulika sana. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na viwanja vyetu viko juu zaidi ya hapo. Kwa urefu huo msukumo wa hewa ni kama asilimia 88 ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kadiri inavyoikuta, kwa hiyo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini ya turbo inaishindilia hewa yenyewe, na inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea ingawa turbo inazunguka kwa kasi zaidi kuipata. Magari mawili yanayoonekana kukaribiana kwenye karatasi za kiwandani yanaachana yakifika hapa.

Sasa magari. Lancer Evolution nimeiacha nje kwa makusudi. Kwa kazi hii ni gari bora sana, lakini bei yake Japani imepanda, na kwa huku kila spea yake ya maana ni ya kuagiza.

Altezza

Hili ndilo linalopendwa na wengi, na mapenzi hayo yana msingi. Altezza RS200 ilitoka mwaka 1998 ikiwa na injini ya 3S-GE ya cc 1,998, kichwa chake kikitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha. Ya manuali ina gia 6 na farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Ya automatiki ina 200. Inasukuma kwa tairi za nyuma, miguu yake (suspensheni) ya mbele na nyuma ni ya mikono miwili, na uzito wake hauko mbali na kilo 1,350. Usukani wake unakueleza kila kitu tairi za mbele zinachofanya. Kwa mtu anayetaka kujifunza kuhamisha uzito wa gari, kufunga breki akiingia kona na kulisawazisha kwa mafuta akitoka, sijui mwalimu mzuri zaidi kwa bei yake.

Tahadhari ya kwanza iko kwenye kununua. Altezza nyingi unazoziona barabarani si RS200. Ni AS200, yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita na farasi 160. Bodi ni ileile, taa ni zilezile, na nembo ya nyuma inabandikwa na yeyote. Fungua boneti usome kibati: SXE10 ndiyo yenye 3S-GE, GXE10 ndiyo ya 1G. Muuzaji akisema kibati kilipotea wakati wa rangi, namba ya chesisi iko kwenye kadi ya gari pia.

Tahadhari ya pili ni ile ya hewa. Farasi 210 za kiwandani, kwa urefu wa Mwanza, ni kama 185. Na torki yake ya juu, yaani nguvu ya kusokota, inapatikana kwenye mizunguko 6,400, maana yake ukitoka kwenye kona kali ukiwa chini ya hapo, gari linangoja. Kwenye lami unaweza kulitunza likae juu ya mizunguko. Kwenye changarawe, ukilipandisha mizunguko tairi za nyuma zinazunguka bure na saa inaendelea kuhesabu. Kama halina difu ya LSD, ile inayozuia nguvu yote isikimbilie tairi inayoteleza, hiyo ndiyo spea ya kwanza ya kutafuta, kabla ya ekzosi na kabla ya chochote kinachopiga kelele.

Kuna wanaoitoa 3S na kuweka 2JZ. Inaingia, kwa kuwa Lexus IS300 ilitoka kiwandani na 2JZ kwenye bodi hiyohiyo. Lakini unaongeza chuma kingi puani mwa gari ambalo uzuri wake wote ulikuwa wepesi wa pua. Kwa autocross siishauri.

Mark II na 1JZ

Huku Mark II za GX100 na GX110 ni magari ya kawaida kabisa, ya familia, ya maofisa, ya harusi. Ndiyo maana wazo la kuijenga linamjia kila mtu: gari lipo, mafundi wanalijua, bushi, shokapu, boljointi na tairodi ziko madukani. Kinachokosekana ni injini. Hapo anaingia 1JZ-GTE: cc 2,492, silinda sita, turbo, farasi 280. Toleo la VVT-i lililokuja na JZX100, Mark II yenye 1JZ, mwaka 1996 lina turbo moja na torki ya Nm 378 inayofika mapema, kwenye mizunguko 2,400. Hakuna injini kati ya hizi ninayoiheshimu zaidi kwa uimara. Bloku lake ni la chuma kigumu, na watu duniani wamelipandisha nguvu sana bila kufungua chini.

Na bado kwa autocross nasema hapana.

Sababu ni vipimo. JZX100 ina mita 2.73 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, na uzito unaokaribia kilo 1,500. Urefu huo unalipa utulivu kwenye barabara ndefu na kwenye drifti, ambako gari linapaswa kukaa ubavu muda mrefu. Kwenye msururu wa koni zilizopangwa karibu karibu, unalazimika kupunguza mwendo kuliko gari fupi ili tu mkia usiguse koni. Nguvu zote hizo zinaishia kwenye tairi mbili za nyuma, juu ya changarawe. Mtazamaji atafurahi, vumbi litatanda, na muda utakuwa mbaya.

Gharama nayo inadanganya. Mtu anahesabu bei ya injini peke yake. Giaboksi ya manuali inayostahimili injini hii ni R154, na hiyo inatafutwa na watu wa drifti dunia nzima, kwa hiyo bei yake inaweza kukukatisha tamaa. Ongeza kontrolboksi (kompyuta ya injini) na waya zake, intakula, rejeta kubwa, shafti ya kukata na kuunganisha upya, breki za kusimamisha mzigo huo. Ukiagiza gari zima lenye injini hiyo badala ya kubadili injini, kumbuka ushuru wa bidhaa unapanda cc zikizidi 2,000. Mengine yote matatu hapa yako chini ya mstari huo. Tozo ya uchakavu kwa magari yaliyozidi miaka 10 haimwachi yeyote kati yao.

Kama moyo wako uko kwenye drifti, soma aya hizi kinyume chake: Mark II ni chaguo sahihi kabisa kwa mchezo huo.

Impreza ya turbo

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nitakaa kidogo.

Impreza ilizaliwa kwa ajili ya ardhi mbovu. Colin McRae alishinda Safari Rally nayo mwaka 1997, Richard Burns akaishinda tena nayo mwaka 2000, kwenye barabara za Kenya ambazo udongo wake tunaufahamu. Zile zilikuwa za kiwanda na za fedha nyingi, lakini mpangilio wa gari ni ule unaoupata kwenye WRX ya kawaida: injini bapa iliyolala chini, uzito uko karibu na ardhi, tairi zote nne zinasukuma. WRX ya kwanza, GC8, ilianza mwaka 1992 na farasi 240, na ina uzito wa kilo 1,250 hivi. Iliyofuata, GDA, ina farasi 250 na inakaribia kilo 1,400. STI nyingi za Japani, toleo lake kali zaidi, zinatajwa farasi 280. Kutoka ekseli mpaka ekseli ni mita 2.52 tu, karibu sentimita 20 pungufu ya Mark II.

Weka hayo yote juu ya changarawe. Unapotoka kona, nguvu inagawanyika kwa tairi nne badala ya mbili, kwa hiyo unakanyaga mafuta mapema, na hiyo mapema ikirudiwa kwenye kila kona ya mzunguko ndiyo tofauti ya sekunde kadhaa mwishoni. Turbo inafidia hewa yetu. Kwa farasi 250 zinazoshika ardhi, mwenye farasi 350 za nyuma tu atapata taabu kukukaribia.

Spea? Watu wanaiogopa Subaru kwa jambo hili, na zamani woga huo ulikuwa wa haki. Sasa angalia Forester zinazopita barabarani. Forester SG5 ya turbo inatumia EJ205, injini ya familia moja na ya WRX ya GDA, na vitu vingi vya miguu na vya giaboksi vinaingiliana. Kisichopatikana Mwanza kinapakiwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, kinafika. Panga ratiba yako ukijua hivyo: spea iagizwe kabla haijafa.

Lakini gari hili halimsamehei mzembe. Mambo haya ndiyo yanayoua Subaru za mbio, na nayasema kwa msisitizo kwa sababu ni fedha za mtu.

Oili. Silinda zimelala ubavu, na kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi za krenki zinakauka. Kagua oili kila baada ya mzunguko, usiache ishuke hata kidogo, na fundi aweke kizuizi ndani ya sampu kinachoizuia oili isihame. Ni kazi ndogo ya kukata bati na kuchomelea.

Mafuta. Japani wanauza petroli ya daraja la juu yenye oktani karibu 100, na EJ20 za turbo za Subaru, 1JZ-GTE na 3S-GE zilipangiwa hiyo. Vituo vyetu havifiki huko. Kabla hujaongeza msukumo wa turbo, kontrolboksi ipangwe upya kwa petroli unayoijaza wewe, na mtu mwenye kifaa cha kusikiliza injini ikigonga. Anayekuongezea msukumo kwa kuchezea mrija wa turbo bila kupanga mafuta anakuuzia pistoni mpya.

Giaboksi. Ya gia 5 haipendi kuondoka kwa kuachia klachi ghafla mizunguko ikiwa juu. Ondoka kwa adabu, au tafuta ya gia 6 iliyokuja na STI kuanzia GDB. Hiyo ni imara kwelikweli, ila bei yake inajulikana.

Tairi zifanane. Zote nne, saizi moja, kampuni moja, uchakavu mmoja. Mazoea yetu ya kununua tairi mbili mbili yanaichosha difu ya katikati, kwa kuwa inalazimika kufanya kazi muda wote hata gari likienda moja kwa moja. Kwa moramu saizi ya 205/65 kwenye rimu ya inchi 15 inafanya kazi vizuri, mradi uhakikishe kwanza rimu inapita juu ya kaliper za breki, maana baadhi ya WRX na STI nyingi zina breki kubwa. Tundu za rimu pia ni tofauti: WRX nyingi ni 5x100, wakati Altezza na Mark II ni 5x114.3, kwa hiyo rimu za rafiki hazitakuingia.

Na chujio la hewa. Vumbi la Julai likipita, turbo ndiyo inalipa.

Ukienda kununua, fika asubuhi kabla gari halijawashwa. Sikiliza mlio wa kugonga ndani ikiwa baridi, angalia kama kuna mapovu kwenye rejeta injini ikipata moto, omba kipimo cha kompresheni kwa silinda zote nne na uone kama zinakaribiana. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Jibu lisipokuwa na uhakika, hesabu mkanda mpya kwenye bei.

Starlet, ambayo wengi hawaifikirii

Mtu akisikia gari la nguvu halafu akatajiwa Starlet, anadhani unamdharau. Aiangalie vizuri. Starlet GT ya EP82 na Glanza V ya EP91 zina 4E-FTE, injini ndogo ya cc 1,331 yenye turbo na farasi 135. Hizo farasi zinabeba gari ambalo halifiki tani moja. EP82 ina kilo 830 hivi, EP91 iko kwenye mia tisa na kitu. Ekseli zimeachana mita 2.3. Inageuka mahali ambapo Mark II ingehitaji kurudi nyuma.

Jambo la kufikiria ni daraja utakaloshindania. Kenya, ambako autocross imekua na ambako mtu wa Kanda ya Ziwa anaweza kufika kwa barabara kupitia Sirari, magari hupangwa kwa kutazama kama yana turbo au hayana, na kama yanasukuma kwa tairi mbili au nne. Kwa mpango huo Starlet ya turbo na Mark II ya 1JZ zinakutana daraja moja. Kwenye uwanja mfupi wa moramu wenye kona nyingi, dau langu liko kwa Starlet. Altezza inaingia pamoja na zisizo na turbo, na pale ina nafasi nzuri kuliko ambayo farasi zake zinaonyesha. Impreza inakwenda kwa wakubwa, pamoja na Evolution, na huko dereva anayejifunza atakuwa nyuma kwa muda.

Udhaifu wa Starlet unajulikana. Tairi za mbele zinasukuma na kugeuza kwa wakati mmoja, na ukikanyaga mafuta kabla ya wakati pua inakwenda moja kwa moja kwenye koni. Giaboksi yake inalalamika ukipandisha nguvu sana. Na GT halisi haiko kila mahali. Starlet nyingi za huku ni za injini bila turbo, ingawa bodi hizo zinapokea 4E-FTE bila vita. LSD ya mbele inabadilisha kabisa tabia yake, na ndiyo ningeinunua kabla ya kugusa turbo.

Ninavyoamua

Mwenye fedha za gari na akiba nyingine ya karibu kiasi hichohicho ya kulitunza, achukue Impreza WRX ya manuali iliyoko nchini tayari, isiyoguswa na mtu. Gari ambalo limeshaongezwa nguvu na wawili watatu ni vigumu kujua ndani yake kuna nini. GC8 kwa wepesi, GDA kwa sababu ya spea za Forester. Aiache na farasi zake za kiwandani msimu mzima, na fedha za kwanza ziende kwenye tairi, shokapu, breki, kiti kinachomshika dereva, mikanda, helmeti na mtungi wa kuzimia moto. Asome pia kanuni za AAT (Automobile Association of Tanzania), ndiyo wanaosimamia mbio za magari hapa nchini, kabla hajakata bati wala kuchomelea kizimba cha mabomba, maana kizimba kisichofuata vipimo kitakataliwa kwenye ukaguzi na hakitamlinda siku gari likibiringika.

Mwenye fedha za gari tu, asiyekuwa na akiba hiyo, asiiguse Impreza. Achukue Starlet. Ikivunjika giaboksi, bado atalala, na wiki inayofuata atakuwa amerudi uwanjani. Altezza ningempa yule aliye na njia ya kupata lami, au anayeitaka siku za kazi imfikishe ofisini bila shida na Jumamosi imfundishe kuendesha. Aanze kwa kufungua boneti na kusoma kibati.